Kilima kimoja kwa siku kinawatosha watoto

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, jiji la Kampala hupokea wageni wa aina ya pekee. Hawa si watalii wenye kamera shingoni. Ni watoto wa miaka minne, mitano au saba, walioletwa na wazazi au shangazi zao kutoka Masaka, Mbale, Lira na kwingineko ili wauone mji mkuu wao. Shule nazo, muhula wa kwanza unapoanza Februari, hukodi mabasi na kuleta wanafunzi wa madarasa ya chini. Jambo hili ni jema, na wanaolifanya wanastahili pongezi. Lakini namna tunavyolifanya ina kasoro kubwa, na yafaa tuizungumze bila kuoneana haya.

Desemba, Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Kampala ipo karibu kabisa na ikweta, na mwinuko wake wa mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari ndio unaotuokoa na joto kama la Juba. Hata hivyo, ikifika saa sita mchana lami huwaka, na ndani ya teksi ya abiria 14 iliyokwama kwenye foleni hewa huwa nzito. Mtu mzima atavumilia. Mtoto mdogo hawezi, na si kwa sababu anadeka. Mwili wake hupata joto upesi kuliko wetu, hutoa jasho kidogo, na akishavutwa na vitu vipya hakumbuki maji mpaka kiu imemzidi. Yule anayelia saa saba mchana kando ya Kampala Road, huku mama akimvuta mkono na kumwita mtundu, huenda jua limeshamwelemea.

Sasa tazama ratiba tunazowapangia. Basi linaondoka Masaka kabla ya alfajiri. Asubuhi ni Bunge, kisha Makumbusho ya Uganda, kisha Kasubi, kisha msikiti wa Old Kampala, halafu mbio hadi Entebbe kuona simba na ndege. Yote hayo siku moja! Watoto wanashuka, wanahesabiwa, wanapigwa picha, wanapanda tena. Sisi walimu tunajua matokeo yake. Kesho yake ukiwaambia wachore walichokiona, wengi huchora basi na chupa ya soda. Wala hawakosei, kwani hicho ndicho walichopata nafasi ya kukitazama.

Mzazi atanijibu kwamba nauli ni ghali na hatuji Kampala kila mwaka, kwa hiyo lazima tuone vyote. Ninamwelewa. Lakini wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Ushauri wangu ni kilima kimoja kwa siku. Jiji letu linasifiwa kwa vilima vyake, na kila kimoja kina mambo ya kumtosha mtoto asubuhi nzima.

Chukua mfano wa Old Kampala. Hapo ndipo Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na jina la kilima hicho, lililotokana na swala aina ya impala, ndilo lililokuja kuwa jina la jiji zima. Leo upo Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mgeni huruhusiwa kupanda ngazi zaidi ya 300 za mnara wake. Mpandishe mtoto saa tatu asubuhi, polepole, akipumzika njiani. Akifika juu, mwoneshe Namirembe, Rubaga, Kololo na Makerere kwa kidole. Somo hilo la jiografia hatalisahau, na saa tano mtakuwa mmeshakaa kivulini mkinywa maji.

Au chukua Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia jengo lake la sasa, chini ya kilima cha Kololo, mwaka 1954. Kuna ngoma na vinubi, na nje kuna nyumba za jadi za makabila yetu. Mtoto wa miaka sita anaweza kukaa saa mbili kwenye ngoma peke yake, mkimwacha. Kama ni Entebbe, basi iwe siku ya Entebbe pekee, na mfike mapema. Simba hujilaza kivulini mchana, yaani ana busara kutuzidi sisi.

Hata hivyo lawama zote haziwezi kuwekwa juu ya wazazi na walimu. Mtu anayetembea na watoto katikati ya Kampala atakaa nao wapi? Vyoo vya umma ni vichache, maji ni ya kununua, na miti inazidi kupungua. Uwanja wa Katiba, ulio mbele ya Mahakama Kuu, ulikaliwa na askari kwa miaka baada ya maandamano ya mwaka 2011. Bustani ya Centenary iligeuka kuwa mahali pa mikahawa na baa. Kinachoshangaza ni kwamba Mnara wa Uhuru, uliochongwa na Gregory Maloba mwaka 1962, unaonesha mama akimwinua mtoto wake juu. Tulianza taifa hili kwa kumwinua mtoto, na leo tunamkosesha benchi.

Nalisema hili nikiwa mmoja wa tuliosomea ugenini. Wazazi wangu walikimbilia Kenya wakati wa vita vya miaka ya 1980, nami nikasoma Nairobi. Shule ilipotutoa matembezi, chakula cha mchana tulikula chini ya miti ya Uhuru Park bila kiingilio. Tulikuwa watoto wa wakimbizi, lakini kivuli kile hakikutuuliza kabila wala pasipoti. Mwaka 1989 serikali ya huko ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, Wangari Maathai alipinga, akatukanwa, na mwishowe mpango ukafa. Nasi tulipata mtihani kama huo mwaka 2011, pale ilipopangwa kujenga jengo la ghorofa 60 kwenye kiwanja cha Makumbusho. Watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na Makumbusho bado yapo. Kumbe tukiamua tunaweza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule wapunguze vituo, waanze mapema na kila mtoto awe na kofia na maji yake. Wizara ya Elimu iweke mwongozo wa safari za watoto wadogo wakati wa jua kali. Na Mamlaka ya Jiji, KCCA, ipande miti, iweke mabomba ya maji ya kunywa na vyoo safi karibu na kila mahali tunapowapeleka watoto. Mtoto aliyekaa kivulini akaitazama Kampala kwa utulivu ataiona kuwa yake, na huyo ndiye atakayeilinda kesho.

Mwandishi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Kampala.