Kabla ya kusema mzee amerogwa, tazama ile betri nyuma ya nyumba

Wewe kijana wa Kau, au wa Ozi, Kipini, Garsen, popote ulipo huko delta na simu yako mkononi, hebu nikuulize. Betri ya sola ikifa kwenu nyumbani, huwa inaenda wapi?

Wengine wanaiacha uani mpaka watoto waifanye kiti. Wengine wanamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Na wapo wanaoipasua wenyewe, wakamwaga asidi mchangani, wakatoa zile bamba za ndani na kuziyeyusha kwenye sufuria kuukuu ili wapate chubwi za nyavu na mishipi. Si kazi? Pesa ndogo inapatikana, na hakuna aliyeanguka akafa. Kwa hiyo tunaona hakuna shida.

Shida ni kwamba risasi, yale madini yaliyomo ndani ya betri, haina haraka. Ikiingia mwilini kwa moshi au kwa vumbi la mikononi, mwili unaidhania ni kalisi, ile inayojenga mifupa, basi unaihifadhi humo humo mifupani. Hukaa miaka na mikaka. Mtu akizeeka mifupa inaanza kupungua, na ile risasi ya ujanani inatoka tena kwenye damu na kupanda hadi kwenye ubongo. Kwa mama mjamzito nayo hutoka, ikamfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sasa unganisha hilo na jambo jingine tunalolijua sote huku Pwani. Mzee anaanza kurudia swali moja mara kumi. Anapotea njia ya shambani aliyoipita maisha yake yote. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Usiku anatoka nje na kutangatanga. Kijiji kinasemaje? Amerogwa. Au vibaya zaidi, yeye ndiye mrogi, si alionekana nje usiku? Katika kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na mara nyingi ukichimba nyuma ya tuhuma unakuta shamba linalogombewa. Huko Ganze kipo kituo cha Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia panga za jamaa zao wenyewe wamepewa hifadhi. Panga za watoto waliowazaa, yaani.

Hali hiyo ya mzee madaktari wanaiita dimenshia, na Alzeima ndiyo aina yake inayojulikana zaidi. WHO inakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya asilimia 60 yao wanaishi katika nchi maskini na za kipato cha wastani. Kwa hiyo achana na ile hadithi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu kwa sababu wao wanaishi sana.

Kinachobadilika sasa ni maswali ya watafiti. Zamani waliuliza zaidi kuhusu urithi na umri. Siku hizi wanauliza pia: huyu mtu alivuta nini, alikunywa nini, alishika nini kwa mikono miaka 40 iliyopita? Mwaka 2020 tume ya wataalamu ya jarida la The Lancet ilitoa orodha ya mambo 12 yanayoongeza hatari ya dimenshia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Hewa chafu iliingia humo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024 orodha ilifika mambo 14, na tume ikakadiria kwamba yote yakiondolewa, karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Tuwe wakweli hapa, maana kwenye simu utakutana na watu watakaokuuzia dawa ya kusafisha sumu kwa shilingi elfu tano. Risasi haimo kwenye orodha ile. Dawa za kuua wadudu hazimo. Haina maana kwamba ni salama, ila ushahidi wake bado haujatimia kiasi hicho. Kule Boston, Marekani, wanaume waliofuatiliwa tangu miaka ya 1960 walipimwa risasi iliyomo mifupani, na waliokuwa na nyingi zaidi ndio ambao uwezo wao wa akili ulishuka kwa kasi zaidi uzeeni. Kule Dunedin, New Zealand, watoto waliozaliwa 1972 na 1973 walipimwa risasi kwenye damu wakiwa na miaka 11. Walipofika miaka 38, waliokuwa na nyingi utotoni walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na kwenye miaka 45 hata picha za ubongo zilionyesha tofauti ndogo. Hao bado hawajazeeka. Tutajua zaidi wakifika huko.

Kuhusu dawa za wadudu, mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikuta mabaki ya DDT kwenye damu ya wagonjwa wa Alzeima yakiwa karibu mara nne ya yale ya watu wasiougua. Utafiti ulikuwa mdogo, haukufika wagonjwa 100, kwa hiyo usiufanye msahafu. Paraquat nayo, dawa ya magugu, imehusishwa na ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, ambao mara nyingi huishia kuchukua na akili pia.

Unajiuliza haya yanaingiaje Kau? Yanaingia kwa mto. Ule mfereji wa Belezoni uliochimbwa karne ya 19 ndio ulioelekeza maji ya Tana kwenye Mto Ozi unaopita hapo kwenu. Na Tana kabla haijafika kwenu imeshapokea maji ya mito inayonywesha mpunga wa Mwea, imepita Hola na Bura kwenye mashamba ya kunyunyizia, na kila shamba lina dawa zake. Mwaka 2012 delta yenu ilitambuliwa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar kama ardhioevu muhimu. Ni sifa, lakini sifa haichuji maji.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba adui wote wanatoka juu ya mto. Mtu anayepulizia mwembe au mpunga bila glavu, huku upepo unamrudishia usoni, anapata sumu nyingi zaidi siku ile kuliko anayokunywa mtoni. Na lile jerikeni la dawa likiisha linaoshwa na kwenda kuteka maji. Hili acha leo, usingoje utafiti wowote.

Kisha kuna moshi, na mimi naona huu ndio mkubwa kuliko yote kwa Kau ingawa hauna wakili. Kuni za mikoko, makumbi, vifuu, jiko ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mama au dada yako ameinama hapo mara tatu kwa siku. Ushahidi mwingi wa hewa chafu na dimenshia umetoka kwenye miji ya Ulaya na Marekani, moshi wa magari. Mexico City watafiti walikuta dalili zinazofanana na za Alzeima kwenye ubongo wa vijana, hata wa mbwa wa mitaani. Jikoni kwetu utafiti wa aina hiyo ni haba. Lakini ni chembechembe ndogo zile zile, na mapafu ya dada yako hayajui kama zimetoka kwenye lori au kwenye kuni. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimo kwenye mradi wa Africa-FINGERS unaochunguza jinsi ya kulinda ubongo wa Waafrika kwa kutazama maisha wanayoishi kweli. Ningependa kuona watafiti kama hao wakishuka Garsen pia.

Na je, kuna anayewajibika? Mombasa kuna jibu. Mtaa wa Owino Uhuru uliishi ubavuni mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho hicho, na mwanawe mchanga akapatikana na risasi kwenye damu. Akaanza kupigana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kusema kwamba taasisi za serikali, NEMA ikiwemo, nazo zina lawama. Rufaa ikavuruga uamuzi huo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Kesi ile haikuwa ya dimenshia. Lakini watoto waliovuta moshi ule sasa ni vijana wa rika lako, na ile risasi inaweza kuwa bado imo mifupani mwao. Nani atawahesabu watakapofika miaka 60? Na ile sufuria ya chubwi uani haina kampuni ya kushtakiwa. Kuna wewe na mdogo wako anayecheza hapo mchangani.

Kwa hiyo betri iuze nzima kwa anayeinunua nzima, usiipasue. Chubwi ya jiwe au ya chuma inazama vile vile. Gesi ikiwa ghali, jiko litolewe nje penye upepo. Mkutano wa bajeti ya kaunti ukija Garsen au Minjila, uliza betri zilizokufa zikusanywe wapi, na maji ya Ozi yalipimwa lini mabaki ya dawa. Uliza majibu yaandikwe.

Na mzee akianza kupotea, mpeleke hospitali, ya Ngao au yoyote iliyo karibu, kabla ya kumtafutia mganga. Si kila kuchanganyikiwa ni dimenshia. Malaria inaweza kuleta hali hiyo, maambukizi ya mkojo pia, upungufu wa damu na vitamini, presha, hata dawa alizopewa kwa ugonjwa mwingine, na mengi ya hayo yanatibika. Mweleze daktari ilianza lini, polepole au ghafla. Mweleze pia mzee alifanya kazi gani ujanani, hata asipouliza.