Jina la Mwimbaji Halitoshi: Maoni Yangu Juu ya Sinema na Muziki

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakiri mbele yenu kwamba muhula uliopita mimi nilikitembeza kibaya darasa hadi darasa, nikakisifu mpaka kikanunuliwa. Mliolipa mwanijua. Siandiki kwa kujitetea. Nataka kutoa maoni yangu juu ya swali lililotugawanya sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hadi wengine tukanuniana: je, sinema yafaa kutazamwa kwa sababu tu muziki wake umetungwa na mwanamuziki tumpendaye?

Nimpendaye mimi ni Freddie Mercury wa bendi ya Queen ya Uingereza. Mjomba wangu alifanya kazi Mombasa miaka mingi, akarudi hapa Kalamba na sanduku la kaseti, na humo ndimo nilimokutana na sauti yake. Niliipenda kabla sijajua lolote juu yake. Baadaye nikasoma kwamba alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake la kuzaliwa likiwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India. Alipelekwa shule ya bweni huko India akiwa mdogo, akarudi Unguja, na mwaka wa 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alifariki Novemba 1991, umri wake miaka 45. Nilipojua kwamba mwimbaji huyu mashuhuri alizaliwa kule kule kinakosemwa Kiunguja, lahaja iliyozaa Kiswahili chetu sanifu, nilijiona kama nimepata ndugu. Basi mtu akimkosoa, ni kana kwamba amenitukana mimi.

Chama kilipotangaza Jumamosi ya sinema, na kwamba kila mmoja alete bob thelathini za kukodi chumba cha vidio pale sokoni, mimi nilisimama wa kwanza. Nikasema tutazame *Flash Gordon* ya mwaka wa 1980. Wakaniuliza ni hadithi gani. Nikajibu, “Muziki wake ni wa Queen!” Wakauliza tena, lakini hadithi ni gani? Nikajibu, “Jamani, ni Freddie!” Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Watu ishirini na wawili wakatoa pesa, jumla Sh. 660. Filamu ya Flash ikaletwa ndani ya flashi, tukacheka kwa mzaha huo, tukaingia.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wimbo ulinguruma, madirisha yakatetemeka, na mimi nikawageukia wenzangu kama mtu aliyeutunga mwenyewe. Kisha hadithi ikaanza. Mchezaji mmoja wa kandanda ya Kimarekani anapelekwa kwa roketi hadi sayari ya Mongo, akapigane na mfalme dhalimu aitwaye Ming anayetaka kuiangamiza dunia. Ilianza kama katuni ya magazetini mwaka wa 1934, na kwa kweli hata kwenye sinema ni katuni vile vile. Watu wenye mabawa walipotokea angani, chumba kizima kiliangua kicheko. Baada ya nusu saa nikasikia sauti nyuma yangu: “Sasa Freddie yuko wapi?” Baada ya saa nzima swali hilo lilikuwa la kila mtu. Freddie hakuwapo! Tulisikia ngoma, magitaa na vinanda, lakini ile sauti niliyoiuza kwa bob thelathini haikuimba tena wimbo kamili hadi mwishoni kabisa, wakati wengi wamekwisha kutoka nje kununua miwa.

Rafiki yangu mmoja, ambaye hutembea kutoka mbali kila asubuhi, alikuwa ametoa pesa zake za chakula cha mchana. Hakuniambia kitu siku ile. Jumatatu, wakati sisi tukila githeri, yeye alikaa chini ya mwembe na kitabu cha Jiografia, naye Jiografia haipendi hata kidogo. Nikamwita, hakuitika. Wiki nzima hakunisemesha.

Ndipo nilipoanza kuchunguza. Je, Queen walitudanganya? La hasha! Walifanya kazi waliyoagizwa. Katika *Flash Gordon* walitunga muziki wa kuandamana na matukio, wakasaidiwa na mtunzi Howard Blake kwa upande wa okestra. Nyimbo zenye maneno kamili katika santuri yao ya sinema hiyo ni mbili tu, moja ya kufungulia na moja ya kufungia. Pale Flash anapowapiga askari wa Ming kama yuko uwanjani, muziki ule ni wa Freddie mwenyewe, lakini umepigwa kwa kinanda bila hata neno moja. Kumbe alikuwa nasi chumbani muda wote, ila alikuwa amefunga mdomo!

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza ilipo. Nyimbo za sinema na muziki wa sinema ni vitu viwili. Mwimbaji jukwaani ni bwana harusi, macho yote kwake. Mtunzi wa muziki wa sinema ni kama mpishi wa harusi hiyo: akifanya kazi yake vizuri mtashiba, wala hamtamtazama. Kwa hiyo ukienda sinema kumfuata mwimbaji wako, huenda ukamkosa hasa pale anapofanya kazi yake sawasawa. Kosa langu halikuwa kumpenda Freddie. Kosa langu lilikuwa kuwaahidi watu bwana harusi mahali ambapo alikwenda kupika.

Likizo ilipofika niliitazama nyingine kwa simu ya mjomba, *Highlander* ya mwaka wa 1986. Nawaonya kwamba ina panga nyingi na vichwa vinakatwa, si ya watoto. Humo mambo ni kinyume. Muziki wa kuandamana na matukio uliandikwa na Mmarekani Michael Kamen, nao Queen wakatoa nyimbo. Hadithi ni ya mtu wa milima ya Uskoti asiyeweza kufa. Anaoa mke anayempenda kwa dhati. Miaka inapita, mke anazeeka, nywele zinakuwa nyeupe, na yeye yuko vile vile kijana. Mwishowe mke anafia mikononi mwake. Wakati huo ndipo Freddie anapoimba “Who Wants to Live Forever”, wimbo uliotungwa na Brian May, mpiga gitaa wa Queen, baada ya kuonyeshwa vipande vya sinema hiyo. Jamani, nililia. Nilikuwa nimeusikia kwenye kaseti mara nyingi nikidhani ni wimbo wa mapenzi tu. Sinema ndiyo iliyonifundisha maana yake, na wimbo ndio uliofanya mapenzi ya watu wawili wa kubuni yanichome mimi niliyeketi jikoni kwetu Kalamba.

Niliwaza kwa nini pale ilifaa na kule haikufaa, nikamkumbuka susu, yaani nyanya yangu. Katika hadithi zake za zimwi kuna wimbo. Lakini susu hauimbi ovyo. Anasimulia msichana anavyokwenda kisimani, anavyosahau shanga zake, anavyorudi peke yake jioni, na sisi tunakaa kimya. Zimwi linapotokea tu, ndipo anapoimba. Tulipokuwa wadogo tulimwomba atuimbie wimbo bila hadithi kwa sababu tuliupenda. Akatuimbia. Haukutuogopesha hata kidogo. Susu hajawahi kuingia jumba la sinema, lakini jambo hili analijua kuliko mimi niliyewatoza watu Sh. 660.

Wapo watakaosema kwamba natoa sheria ngumu, ati lazima wimbo utungwe baada ya picha. Sisemi hivyo. Tazameni Ayub Ogada, Mkenya mwenzetu, mpiga nyatiti aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1956 na kufariki mwaka wa 2019. Wimbo wake “Kothbiro” ulikuwa kwenye santuri yake ya mwaka wa 1993. Miaka kumi na miwili baadaye ukasikika katika *The Constant Gardener*, sinema iliyopigwa hapa hapa Kenya, ambayo muziki wake ulisimamiwa na Mhispania Alberto Iglesias. Jina hilo kwa Kijaluo maana yake ni mvua yaja. Mtu wa Ukambani hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana sisi twajua kuutazama upande ule wa mawingu na kungoja. Wimbo haukutungwa kwa ajili ya sinema, lakini kuna mtu aliyepima akaona mahali pake ni hapa. Hicho ndicho ninachodai. Awepo mtu aliyepima.

Tena wapo wenzangu waliosema katika mjadala wetu kwamba jina la mwimbaji ni mlango mzuri, na kwamba bila jina hilo mtu hawezi kuijua sinema. Hoja hiyo ina nguvu, nami siipuuzi. Bila Freddie nisingeitazama *Highlander*. Lakini niwaulize: nani kati yetu hajaiona *The Lion King*? Ilitoka mwaka wa 1994, na nyimbo zake tano zilitungwa na Elton John, mwanaroki wa Uingereza, maneno yakiandikwa na Tim Rice. Ni wangapi kati yetu waliitazama kwa sababu ya Elton John? Hata mmoja! Tuliitazama kwa sababu Simba alifiwa na baba yake nasi tukataka kujua atarudije nyumbani. Jina la mtunzi tulilijua baadaye sana, na wengine wamelisikia leo katika makala haya. Nyimbo zile tulizipenda kwa kuwa zilitukuta tayari tuna huruma na yule mtoto. Naam, chema chajiuza.

Nisije nikadhaniwa kwamba nawaonea Wazungu tu, sheria hii nitaitumia hata nyumbani. Hapa kwetu hakuna asiyemjua Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, ndiyo maana sifa zake zilivuka mipaka ya Ukambani, na ingawa alifariki mwaka wa 1987 bado nyimbo zake zapigwa kwenye matatu. Mtu akitengeneza sinema kesho na kuweka gitaa la Kakai ndani, moyo wangu utaruka. Lakini kabla ya kutoa pesa nitauliza: gitaa hilo limewekwa wapi, na kuna nini pale? Mnunuzi wa maembe anapokuja hapa kwetu na lori, hanunui gunia zima kwa kuona embe moja lililowekwa juu. Anatia mkono hadi chini. Nasi tutie mkono hadi chini.

Basi maoni yangu ni haya. Sinema inayouzwa kwa jina la mwanamuziki yafaa kutazamwa iwapo ina hadithi ambayo ungeifuata hata sauti ikizimwa, na iwapo muziki umepewa mahali pake katika hadithi hiyo. Ikikosa hadithi, nunua muziki wake, usikilize nyumbani, na pesa za sinema ununue chakula. *Flash Gordon* naiweka upande wa kusikiliza. *Highlander* naiweka upande wa kutazama, angalau kwa ajili ya yule mke anayezeeka.

Kwa Chama chetu napendekeza mambo mawili kwa mwaka ujao. Kwanza, anayeleta sinema awe ameitazama yeye mwenyewe, halafu atusimulie mwanzo wake mkutanoni kwa Kiswahili kwa muda wa dakika tano bila kutaja jina la mwigizaji wala mwimbaji. Tukiuliza “halafu?”, sinema hiyo inafaa. Tukipiga miayo, aketi chini. Pili, pesa zichangwe baada ya kura, si kabla, kwa maana kuna wenzetu ambao bob thelathini kwao si za kuchezea.

Na yule rafiki yangu? Nilimrudishia pesa zake, akazikataa, nikazitia ndani ya kile kitabu chake cha Jiografia, naye akanyamaza. Siku hizi tunatembea pamoja tena hadi njia panda. Juzi nilimsikia mbele yangu akipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa ule wimbo wa kufungulia *Flash Gordon*. Nilipomkaribia aliacha. Nikamwambia aendelee. Akanijibu, “Wimbo sikatai. Ile sinema ndiyo unayodaiwa.”

Nami nakubali, nadaiwa. Wenzangu ishirini waliobaki, makala haya ndiyo malipo yangu ya kwanza.