Mpira ni Uleule, Njia Ndiyo Imebadilika

Wadau, leo naongea bolingi. Najua mshaanza kucheka: msee wa Miasenyi na bolingi wapi na wapi? Hapa kwetu tuna stesheni ya SGR, lori za Mombasa Road, vumbi jekundu na ndovu wakiamua kututembelea. Bolingi hakuna. Lakini tulieni, mtaona inatuhusu.

Anza na kiwanja chetu cha mpira. Kiangazi ardhi inakauka kama sufuria, mpira ukidunda unapita juu ya kichwa cha beki. Mvua ikinyesha siku mbili, mpira uleule unakwama kwenye matope na straika anaonekana hajui kazi. Hakuna mtu wa hapa anayelaumu mpira. Tunasema kiwanja kimebadilika, basi badilisha pasi.

Sasa mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilikaa Nairobi miezi minane nikifanya kibarua kwenye ukumbi wa bolingi. Kazi yangu ilikuwa kugawa viatu, kupangusa mipira na kusikiza wateja wakilia, "Buda, huu mpira wenu ni mbovu!" Kila usiku, walai. Maoni yangu baada ya miezi minane ni haya: mara nyingi mpira hauna makosa. Shida ni vitu viwili ambavyo mteja haangalii. Matundu yametobolewa kwa mkono wa nani? Na njia ina mafuta gani?

Tuanze na mafuta, kwa sababu hayo hayaonekani. Njia ya bolingi ni futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele. Unaona mbao zinang'aa, unadhani ni usafi tu. Kumbe mashine imepita ikapaka mafuta, mara nyingi karibu futi 40 za mwanzo, halafu mwisho ni pakavu. Kwenye mafuta mpira unateleza. Ukifika pakavu unashika, unakata kona, kisha unabingirika kuingia kwenye pini. Ndiyo maana wachezaji wazuri hawarushi moja kwa moja. Wanataka mpira uingie kwa pembe ya karibu digrii 6, kati ya pini ya mbele na jirani yake. Ukienda nyoofu kama risasi, pini za pembeni zinabaki zimesimama zikikuangalia.

Na mafuta hayakai yalivyo. Kila mpira unaopita unayafuta kidogo na kuyasukuma mbele kidogo. Saa kumi jioni mrusho wako unaingia vizuri, saa mbili usiku mrusho uleule unakata mapema na kupita upande wa pili. Mkono wako haujabadilika. Mpira haujabadilika. Anayejua anasogeza miguu: kama unatumia mkono wa kulia na mpira unakata sana kwenda kushoto, unasogea kushoto. Asiyejua anarusha kwa nguvu zaidi, halafu anakuja kunitukana mimi na viatu vyangu.

Sasa matundu. Mipira ya ukumbi imetobolewa kwa ajili ya kila mtu, maana yake haimtoshi mtu yeyote. Matundu ni mapana, vidole vinaingia hadi kiungo cha pili, na unaukamata kwa kubana ili usikuponyoke. Ukibana, huwezi kuuzungusha. Mtu mwenye mpira wake anapimwa mkono kwanza, na mara nyingi vidole viwili vya kati vinaingia hadi kiungo cha kwanza tu. Kidole gumba kinatoka kwanza, hivyo viwili vinauinua na kuuzungusha. Uzito unaweza kuwa uleule, hata ratili 14 kwa 14, lakini tabia ni tofauti kabisa.

Halafu kuna siri ya ndani. Mipira ya wanaojua ina kiini kisicho cha mviringo, kwa hiyo mahali unapotoboa panabadilisha jinsi mpira unavyoyumba ukizunguka. Fundi anapima umbali kutoka alama ya kiini hadi mhimili wa mzunguko wa mchezaji. Ukiwa kati ya inchi 3 na 4, mpira unayumba sana, na kila mzunguko unagusa njia kwa ngozi mpya isiyo na mafuta. Ukisogeza alama karibu kabisa na mhimili, unatulia. Mimi niliyaona haya kwa kitambaa changu. Mpira wa ukumbi ulirudi na pete moja ya mafuta. Mpira wa mteja mmoja aliyekuja na wake ulirudi na pete kadhaa zilizopanuka kama upepeo.

Lakini msidanganywe kwamba kutoboa ndiyo uchawi. Fundi wetu wa mashine alikuwa na msemo wake: ngozi kwanza, matundu baadaye. Mpira wa plastiki utateleza hata uutoboe vipi. Wa resini hushika njia zaidi. Na kipande cha msasa kwenye ngozi ya mpira kinaweza kubadilisha mwendo wake kuliko kutoboa upya. Kuna watu walikuwa wakiongeza tundu la ziada la kurekebisha uzito, lisiloingia kidole chochote. Chama cha bolingi cha Marekani, USBC, kikapiga marufuku kwenye mashindano yake kuanzia Agosti 2020. Maisha yakaendelea.

Sasa hapa ndipo inapouma. Njia nyingi za kumbi za starehe hupakwa mafuta mengi katikati na machache pembeni. Kwa makusudi. Ukikosea ukarusha nje, mpira unakuta pakavu na kurudi katikati. Ukikosea ukarusha ndani, mafuta yanaushikilia usikate mapema. Yaani njia inakusamehe. Kwenye njia za mashindano makubwa mafuta hutandazwa kwa usawa zaidi, na kosa dogo unalilipa pale pale.

Wasee, kuna watoto wa hii nchi wanacheza kwenye njia inayosamehe. Akifeli semesta, kuna mtu wa kulipa arudie. Akikosa kazi, kuna mjomba wa kupiga simu. Mpira wake ukitoka nje, unarudishwa katikati, halafu anatuambia siri ni bidii. Bidii ipo, sikatai. Lakini usinilinganishe naye kwa kuhesabu pini tu bila kuuliza njia yangu ilipakwa nini.

Na nisijifanye malaika. Mimi pia nilikosea. Kozi niliyochukua haikuwa ya mkono wangu. Niliichagua kwa sababu jina lake lilisikika vizuri kanisani. Karo ilipoanza kusumbua, alama zikashuka, nikafanya kama wale wateja: nikarusha vilevile, kwa nguvu zaidi. Sikusogeza miguu. Sikumuuliza mtu yeyote kama naweza kubadilisha kozi au kusimama mwaka mmoja nitafute hela. Njia ilikuwa ngumu, kweli, lakini kutoisoma kulikuwa kwangu.

Mbona naandika leo? Dadangu mdogo amemaliza Form Four na ameshika gredi ya kuingia chuo kikuu. Yeye anataka stashahada ya umeme kwenye chuo cha ufundi. Huyu ni mtoto aliyetengeneza redio ya shosho akiwa darasa la saba kwa kisu na waya wa kuokota. Baba anataka digrii, yoyote ile, ili nyumba ipate moja baada ya mimi kuiangusha. Amenituma nimshawishi. "Wewe unamjua, ongea naye," akasema.

Baba namheshimu. Najua anaona nini akiniangalia. Lakini siwezi kumpa huyu msichana mpira niliotobolewa mimi, tena ambao hata mimi haukunitosha, halafu nimwambie abane vidole. Simwambii pia kwamba stashahada ni rahisi. Njia yake nayo itakauka, mafuta yatahama, itabidi asogee. Tofauti ni kwamba ataanza na matundu yanayoshika vidole vyake.

Kwa hiyo Jumapili baada ya chakula sitaongea naye. Nitaongea na Baba. Sitamtajia bolingi, atadhani nimechanganyikiwa. Nitamuuliza swali moja: kati yetu sisi watatu, nani amewahi kuupima mkono wake?