Deni Asilolijua Baba Watoto

Ukiwauliza watu kumi kwa nini mume na mke wanagombana juu ya fedha, huenda tisa wakakujibu kwamba ni kwa sababu fedha hazitoshi. Jibu hilo si la uongo, lakini halimalizi jambo. Zipo nyumba zenye mshahara mzuri ambazo kila mwisho wa mwezi majirani wanasikia kelele. Na zipo nyumba ambazo asubuhi hazijui jioni zitapika nini, lakini mume na mke wanakaa wakakigawa hicho kidogo bila kutukanana. Mwezi huu napenda tuangalie jambo moja tu katika ugomvi huu, nalo ni fedha ambayo mmoja anaijua na mwenzake haijui. Nitalieleza kwa kutumia picha ya Kihindi.

Msishangae. Sisi wa pwani ya Tanga tumekua na picha za Kihindi. Enzi zile watu wakijazana Majestic pale Tanga mjini, wakitoka wanaimba nyimbo ambazo hawajui maana ya neno hata moja. Siku hizi picha hizo zinatufuata nyumbani kwenye televisheni na kwenye simu za watoto wetu. Wengine husema ni upuuzi mtupu, watu wanacheza ngoma mlimani huku wamenyeshewa na mvua. Mimi nasema tazama vizuri. Chukua Mother India, ya mwaka 1957. Mama mkwe anakopa kwa mkopeshaji wa kijiji ili amwozeshe mwanawe, na deni hilo pamoja na riba yake linaitafuna familia miaka na miaka. Hayo si mambo ya Bara Hindi peke yake.

Lakini ninayotaka tuizungumze ni ya karibuni zaidi. Inaitwa Chalte Chalte. Ilitoka mwaka 2003, mwongozaji wake ni Aziz Mirza, na wachezaji wakuu ni Shah Rukh Khan na Rani Mukherjee. Kijana Raj ana kampuni ndogo ya malori. Ni mchangamfu, mwenye kuchukulia mambo kirahisi. Priya ni mbunifu wa mavazi, binti wa watu wenye uwezo, na alikwisha kuchumbiwa na Sameer, kijana tajiri. Raj anamfuata mpaka Ugiriki, mapenzi yanashinda, wanaoana. Picha nyingi zingeishia hapo, watu wakarusha maua na taa zikawashwa. Hii inaanza hapo hasa. Baada ya mwaka mmoja tunawakuta ndani ya nyumba yao wakigombana kwa vitu vidogo vidogo, mmoja hana mpangilio, mwingine amezoea raha za kwao. Ni ugomvi wa kila siku, unaoanza asubuhi na kwisha usiku, kama wa kwangu na wako.

Kisha biashara ya malori inayumba. Raj anadaiwa na hana pa kushika. Priya anamwonea huruma mumewe. Anakwenda kwa siri kwa Sameer, yule mchumba wa zamani, anakopa fedha, na deni linalipwa. Raj hajui zilikotoka. Siku anapokuja kujua, nyumba inawaka moto. Fedha iliyookoa malori ndiyo inayompeleka Priya kwa wazazi wake.

Niliitazama picha hii tena hivi karibuni pamoja na akina mama wa Tongoni, kwenye sebule ya mmoja wao. Wageni wengi wanaijua Tongoni kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya karne ya 14 na ya 15, yaliyo karibu na barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Wanapiga picha, wanarudi mjini. Lakini kijiji chenyewe ni cha wavuvi, na mambo ya nyumba za wavuvi yanafanana sana na ya mtu mwenye malori mabovu. Leo kuna fedha, kesho hakuna, na hakuna ajuaye kesho kutwa.

Picha ilipofika pale Priya anapokopa, mabishano yakaanza, hata tukashindwa kusikia televisheni. Mama mmoja alisema Priya amekosa. Kwa nini asimwambie mumewe? Mwingine akamjibu hapo hapo, "Angemwambia, bwana angekubali? Mwanaume gani anakubali kulipiwa deni na aliyetaka kumwoa mkewe? Malori yangechukuliwa, na njaa ingekuwa ya wote wawili." Bibi mmoja wa makamo, ambaye muda wote alikuwa anachambua dagaa, akasema kosa si kukopa wala si kunyamaza, kosa ni kukopa kwa Sameer. "Fedha ni fedha," akasema, "lakini mlango uliougonga unajulikana."

Nimeyafikiri sana maneno ya yule wa pili, kwa sababu ndivyo tunavyosema karibu wote. Nikimwambia hatakubali. Basi hebu tuangalie hali halisi ya nyumba kama hizo.

Mvuvi hana mshahara. Akirudi pwani, samaki hugawanywa kwa mafungu. Mwenye chombo ana lake, mwenye nyavu ana lake, mabaharia wanagawana kinachobaki. Mara nyingi yupo pia tajiri wa samaki aliyemkopesha fedha za nyavu au za mafuta, naye hukata chake kwanza. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kutoka nje ya miamba, na baba watoto anashinda amekaa chini ya mkungu. Hapo ndipo fedha ya mama inapobeba nyumba. Wanawake wa pwani yetu wanaokota pweza na chaza maji yakikupwa, wanakaanga samaki wa kuuza, wanasuka makuti na mikeka, na sehemu nyingine wanalima mwani. Mwani unakaa baharini kama wiki sita ndipo uvunwe na kukaushwa. Kazi yake hufuata bamvua na haimngoji mtu amalize kufua. Fedha hiyo ni ya jasho, na mwenye nayo ana haki ya kuionea uchungu.

Sasa katika nyumba hiyo moja kuna siri mbili. Baba ana deni kwa tajiri wake wa samaki ambalo mama halijui vizuri, anajua tu kwamba samaki wanapatikana na fedha hazionekani. Mama naye ana mchezo na wenzake, ana kikoba, na pengine ana mkopo wa marejesho ya kila wiki ambao baba hajausikia. Kila mmoja anadhani mwenzake anaficha kwa ubaya. Kumbe kila mmoja anaficha kwa aibu au kwa woga.

Hapa nataka niseme wazi, maana wapo wanaofundisha kwamba mke mwema hana hata shilingi moja asiyoijua mumewe. Mimi sikubaliani nao. Akiba ni jambo moja na deni ni jambo jingine. Mama anayeweka elfu mbili mbili ndani ya mchezo ili Januari ikifika apate sare za shule hamdanganyi mtu. Wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha ya kibindoni. Na wapo waume ambao wakijua kuna akiba hawalali mpaka imekwisha. Mke wa mtu kama huyo anajua mwenyewe afanye nini, wala simlaumu.

Deni haliko hivyo, kwani akiba ikifichwa inakaa kimya, na deni linatembea na miguu yake mpaka mlangoni. Tuseme umekopa shilingi 300,000, unarudisha 30,000 kila wiki kwa wiki 12. Utakuwa umelipa 360,000. Wiki tatu za kwanza zinapita vizuri, unatoa faida ya samaki. Wiki ya nne bahari imechafuka, samaki hakuna. Unakopa kwa jirani ulipe kikundi. Wiki ya sita unakopa kwa wale wa mikopo ya kausha damu umlipe jirani. Mpaka hapo bado baba watoto hajui, na wewe umekonda. Siku atakayojua haitakuwa kwa kinywa chako. Atajua kwa sababu wamekuja wanawake wanne wamekaa barazani hawataki kuondoka, au kwa sababu kitanda kimebebwa. Raj hakuambiwa na Priya, na nadhani hilo lilimuuma kuliko kiasi chenyewe cha fedha.

Na Sameer je? Yule bibi wa dagaa alisema kweli. Kwetu Sameer anaweza kuwa mwenye duka anayekukopesha unga huku akikutazama kwa namna usiyoipenda, au shemeji ambaye kila mkigombana atakukumbusha alivyokusitiri. Kabla hujapokea fedha, jiulize mtu huyo atakuwa na sauti gani nyumbani kwako baadaye.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa peke yake haibadilishi mwenye mali. Kilichokuwa chako kabla, au ulichokipata mwenyewe, kinabaki chako. Sheria hiyo hiyo inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa makazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Tena inamchukulia mke anayeishi na mumewe kuwa anaweza kukopa kwa jina la mumewe kwa mahitaji ya lazima ya nyumba, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi hawalijui hilo. Hali kadhalika, nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Kwa hiyo baba akikuletea karatasi ya benki uweke saini upesi upesi kwa sababu gari linamsubiri, mwambie gari lisubiri, uisome.

Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Kesi hiyo inasifiwa sana kwa sababu mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana. Kupika, kufua na kulea vilihesabiwa. Lakini wanaoisimulia mara nyingi huacha mwisho wake. Mama yule hakupata mgawo alioutaka, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitumia ovyo. Ninaitaja kwa sababu inatugusa pande zote mbili. Jasho letu lina hesabu, na fedha tuliyokabidhiwa nayo ina hesabu.

Basi mke amwambieje mumewe? Akina mama wa Tongoni walikuwa na busara nyingi hapa kuliko vitabu. Walikubaliana kwamba mtu hasemeshwi deni akiwa ametoka baharini mikono mitupu, wala mbele ya watoto, wala mbele ya mama yake. Walisema usianze na lawama za tajiri wa samaki, hata kama unazo, kwa sababu mkianza kushindana nani anadaiwa zaidi hamtamaliza. Mmoja alieleza kwamba yeye na mumewe wana daftari la shule limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kinachoingia kinaandikwa, kinachotoka kinaandikwa, na deni la kila mmoja lina ukurasa wake. Mumewe hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mtoto wa darasa la tano ndiye huwasomea. Wengine walicheka, wakasema mtoto atatangaza shuleni. Akajibu kwamba huu ni mwaka wa pili na bado hajatangaza. Mimi mtoto ningemwacha nje ya madeni ya wakubwa, lakini daftari nalipenda.

Mwanamke mmoja kijana hakuwa amesema kitu tangu mabishano yaanze. Picha ilipofika pale Raj na Priya wanapopatana, wenzake walishangilia, yeye akawa anahesabu kwa vidole. Baadaye alituambia kwamba ana mkopo wa mashine ya boti, aliuchukua kwa jina lake, na mumewe anaamini mashine ile ilitoka kwa kaka yake mjini. Yamebaki marejesho saba. Hakuna aliyemcheka. Bibi wa dagaa alimuuliza bwana wake huwa nyumbani lini akiwa na moyo mzuri. Akasema Ijumaa, maana siku hiyo hawaendi baharini, naye hula wali akalala kidogo, akiamka huwa mpole. "Basi Ijumaa," bibi akamwambia, "baada ya usingizi, na uwe na karatasi ya marejesho mkononi." Akakubali, akatuomba mtu asimuulize lolote mpaka Jumamosi.