Kulfi ya Kisii: Chema Nacho Hujitembeza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo una haki yake, lakini kulfi umeiacha nje. Kulfi ni chema, na tangu zamani imezoea kujitembeza: kwenye mtungi, juu ya baiskeli, ndani ya sanduku begani mwa kijana. Muuzaji akikaa kitako kungoja wateja, barafu haimngoji. Basi nastaajabu kuwasikia baadhi ya ndugu zetu wa Pwani wakicheka wanapoambiwa kwamba kulfi huuzwa njiani mjini Kisii. "Kulfi na Kisii wapi na wapi?" huuliza. Swali hilo lastahili jibu.

Tuanze na jina. Qulfi kwa Kiajemi na Kihindi ni kikombe chenye kifuniko, na wenye kamusi hulirejesha neno hilo kwenye qufl ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi kufuli. Kikopo kilijazwa maziwa, kikafunikwa, kikazibwa kwa donge la unga, kisha kikazikwa ndani ya barafu iliyotiwa chumvi. Barafu yenye chumvi huwa baridi kuliko barafu tupu, na ndiyo inayoyagandisha maziwa. Zama za Mfalme Akbar, aliyetawala Bara Hindi tangu 1556 hadi 1605, mwandishi wake Abul Fazl alieleza jinsi maji yalivyopozwa kwa shura na jinsi barafu ilivyoteremshwa kutoka milimani hadi Lahore. Baridi iliyokuwa anasa ya wafalme, leo mtoto wa shule huilamba kwenye kijiti.

Kulfi si aiskrimu. Aiskrimu hupigwapigwa ikaingia hewa, ndiyo maana huwa nyepesi. Kulfi haipigwi. Maziwa huchemshwa kwa moto mdogo, yakikorogwa yasishike chini, mpaka yapungue kufikia nusu au chini ya hapo. Hutiwa sukari na iliki, na mwenye uwezo huongeza zafarani na lozi. Kwa hivyo ni nzito na huyeyuka polepole. Siri yake kubwa si barafu. Siri yake ni subira.

Nani, basi, atakayewafundisha watu wa Kisii na Nyamira subira ya maziwa? Hawa ndio wenye amabere amaruranu, maziwa yanayogandishwa kibuyuni. Hawa ndio wanaoipika chinsaga, mboga chungu, taratibu kwa maziwa mpaka uchungu wake ulainike. Nchi yao ni ya milima, mvua na majani mabichi. Mashamba ni madogo, lakini ng'ombe mmoja au wawili hawakosekani kando ya migomba na michai. Anayeshangaa kulfi kufika huko angeshangaa kwa nini imechelewa.

Na sababu ya kuchelewa ipo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Nyanza mwaka 1901, na wenye maduka wa Kihindi wakaifuata. Kutoka ziwani wengine walipanda hadi Kisii, wakafungua maduka. Lakini mapishi ya nyumbani hayakutoka nje ya mlango. Kisha ikaja Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967, iliyowabana wafanyabiashara wasio raia katika miji ya mashambani, na wengi wao wakahama. Kulfi ikabaki na kufuli lake.

Mimi niliionja karibu na soko la Daraja Mbili, mchana wa jua kali, mkononi mwa kijana wa Kigusii. "Onja kwanza, mzee, pesa baadaye," akaniambia. Nikaionja. Iliki ilikuwa ya kutosha, na yale maziwa yalikuwa na ile rangi ya udongo hafifu isiyopatikana ila kwa moto wa muda mrefu. Nilipomuuliza ayapata wapi maziwa yake, akanyosha kidole upande wa Nyamira. Sikuona la kucheka hapo. Niliona kazi ya mikono, nami nikaongeza ya pili.

Msafiri mwenzangu alisita, akanong'ona: "Sheikh, aliyeipika si mwenzetu." Hili si dogo kwetu, na halifai kujibiwa kwa dharau. Lakini wanavyuoni wametufundisha kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharimisha. Maziwa, sukari na iliki vina dalili gani juu yao? Penye kuongezwa jelatini au manukato usiyoyajua, uliza. Kuuliza ni haki yako, wala muuzaji mwema hachukii. Kumtilia mtu shaka kwa sababu ya kabila lake tu, hiyo si dini.

Hata hivyo, kuipenda kulfi si kuwaachia wauzaji wafanye watakavyo. Jina hilo ni amana. Anayetia maziwa unga wa mahindi yawe mazito kabla hayajapungua, akapaka rangi ya manjano pasipo zafarani, kisha akaita kulfi, amepunja. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu twaikumbuka Sura Al-Mutaffifin na onyo lake kwa wapunjao vipimo. Kupunja hakuko katika mizani peke yake. Kumo pia ndani ya sufuria. Tena maji machafu hayasafiki kwa kugandishwa. Ubaridi huvilaza vijidudu, hauviui vyote.

Wakubwa nao wana deni. Keroka iko mpakani mwa kaunti hizi mbili, na wachuuzi wake wamewahi kusumbuliwa na ugomvi wa nani achukue ushuru. Mwenye viazi anaweza kusimama akabishana juu ya risiti mbili. Mwenye kulfi akibishana nusu saa, mtaji wake umekuwa maji. Atozwe mara moja, apewe mahali pa kivuli na bomba la maji safi, kisha akaguliwe usafi bila huruma.

Nasi tutokao Pwani tuache kuilinda kulfi kana kwamba tuliizaa. Nasi tulipewa na majirani waliovuka bahari, tukaipenda. Kijana wa Kisii akiipika sawasawa, ni yake kama ilivyo yetu. Tumlipe bei yake, tumwambie ukweli ikipungua iliki, na kicheko tukiweke kwa jambo la kuchekesha.