Kabla ya kumwita tasa, mwanamume kapime

Wadau, Jumapili iliyopita nilikaa kwenye kikao cha familia ambacho mpaka leo kinaniuma. Binamu yangu ameoa miaka minne sasa na hawajajaliwa mtoto. Shemeji yetu ameshapigwa ultrasaundi, ameshatolewa damu, ameshanyweshwa mizizi ya kila aina. Shangazi akauliza, "Sasa tunasubiri nini?" Kila mtu alielewa: arudishwe kwao, aletwe mwingine.

Mimi nikauliza swali moja tu. Kaka mwenyewe amepima? Sebule ikawa kimya kama maji ya mtungini. Binamu akaja juu: yeye ni mzima, nguvu anazo!

Jamani, hapo ndipo tunapokosea. Tunachanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kufanya tendo la ndoa bila shida, manii yakatoka kama kawaida, kumbe ndani hamna hata mbegu moja. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji yanayotoka kwenye tezi. Kama mbegu zimo au hazimo, darubini ya maabara ndiyo inayojua.

Sababu za kukosa mbegu ni nyingi, lakini moja huwa tunajitakia wenyewe: magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia. Vijidudu huingia kwenye njia ya mkojo. Visipotibiwa, vinaweza kupanda hadi kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, mahali mbegu zinapokomaa. Uvimbe ule unaweza kuacha kovu, na kovu likaziba njia. Korodani zinaendelea kutengeneza mbegu, ila mbegu hazina pa kupitia.

Klamidia ndiyo mjanja zaidi, maana wanaume wengi wenye nayo hawaoni dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 129 ya klamidia na milioni 82 ya kisonono kwa mwaka 2020 pekee.

Nisijifanye mtakatifu. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu nilipata gono. Niliona aibu kwenda hospitali, nikaenda duka la dawa usiku, nikanong'ona dirishani, nikauziwa vidonge. Siku ya tatu usaha ukakatika, dozi nikaiacha njiani. Sikujua kwamba kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi, na kwamba dalili kuisha si lazima uwe umepona. Yule dada niliyekuwa naye sikumwambia kitu. Magonjwa hayahaya huziba mirija ya uzazi ya mwanamke. Leo najiuliza kama naye amekaa kwenye sebule ya watu, anaitwa tasa, kwa sababu ya aibu yangu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba maishani. Ni jambo la wanawake na wanaume. Sasa kwa nini mwanamke apimwe mpaka achoke, wakati kipimo cha mwanamume hakina sindano wala kisu? Unajizuia siku 2 hadi 7, unatoa manii kwenye kikopo, basi. Majibu yakiwa mabaya unarudia, kisha unamwona daktari bingwa. Hata njia ikiwa imeziba, wengine hufunguliwa kwa upasuaji. Na ukikutwa na ugonjwa wa zinaa, mnatibiwa wote wawili na mnamaliza dozi.

Hoja yangu ni hii: mwanamume asiyepima hana haki ya kuitisha kikao kuhusu tumbo la mkewe.

Nimemwambia binamu nitamsindikiza, na siku hiyohiyo nami nitapima. Hajanijibu mpaka leo. Ila na mimi, kusema kweli, siku yenyewe bado sijaipanga.

Naomba kutoa hoja.