Butembo na Beni: kibali cha kugawa nyumba si tiketi ya soko

Mwenye nyumba anapiga mbao katikati ya sebule, anatoboa mlango wa pili ukutani, na juma lifuatalo nyumba ya familia moja imekuwa nyumba tatu za kupangisha. Kibali? Hakuna. Anayeingia humo mara nyingi ni mama aliyekimbia vita na watoto wake, ambaye hana nguvu ya kuuliza.

Hakuna anayesema nyumba zisigawanywe. Mauaji ya raia huko Beni yalianza Oktoba 2014. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 Juni 2024, kisha Goma Januari 2025, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Watu hao wote wanatafuta pa kulala. Bila vyumba hivyo, wengi wangebaki kwenye madarasa na makanisa.

Lakini kibali kina kazi yake: fundi wa serikali afike kwenye parseli, atazame. Ukuta uliotobolewa ndio unaobeba paa? Moto ukiwaka, kila familia ina mlango wa kutokea? Nyaya za umeme zimepita kwenye mbao? Choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi, na shimo lake liko mbali kiasi gani na kisima? Miji iliyopita kwenye Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, haihitaji kufundishwa maana ya choo cha watu 20.

Wenye nyumba wanalalamika kwamba karatasi zinachelewa na zinakula pesa. Hapo wana haki. Afisa anayepiga muhuri bila kutoka ofisini, au anayengoja matabishi kwanza, ndiye anayewazoeza watu kugawa nyumba usiku. Bei ibandikwe mlangoni pa komini, siku za kungoja zijulikane, na ukaguzi ufanyike kweli.

Tena kuna garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 iko wazi: mkataba uwe wa maandishi, na garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi 3. Anayedai miezi 6 kwa chumba kisicho na dirisha anavunja sheria, hata kama mpangaji amekubali. Na huyo mpangaji alikubali kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na watoto wako barabarani.